Muuaji Yumo Ndani ya Kitabu

Riwaya nyingi za upelelezi nilizosoma utotoni hazikuwa na mwisho. Zilitoka kiwandani zikiwa kamili, lakini hadi kitabu kinifikie mimi kilikuwa kimeshasomwa na wengi, na kitabu cha gundi huanza kufa kwa nyuma: jalada linabanduka, kurasa mbili tatu za mwisho zinafuata, na jioni moja mtu anaziwashia jiko la mkaa. Hii ilikuwa Tabora, katikati ya miaka ya 1980. Baba alikuwa karani wa tiketi stesheni. Tabora ndipo Reli ya Kati inapogawanyika, njia moja kwenda Kigoma na nyingine Mwanza, na abiria waliotoka Dar es Salaam walikaa hapo kusubiri mabehewa yapangwe upya. Riwaya walizonunua za kupitishia usiku wa safari walikuwa wamezimaliza. Waliziuza, au walizibadilisha kwa asali, au waliziacha kwenye mabenchi.

Kijana mmoja wa mtaani kwetu alizikusanya na kuzikodisha. Alikuwa na sanduku la mbao chini ya mwembe, na wateja wake walikuwa watu wa kila namna: makuli, walimu, askari wa magereza, wake wa wafanyakazi wa reli. Unalipa, unaondoka na kitabu, kesho asubuhi unakirudisha. Kitabu kamili kilikuwa na bei yake, na kisicho na mwisho kilikuwa nusu bei. Sisi watoto tulichukua vya nusu bei, tukavisoma kwa zamu kwenye kibatari mpaka mafuta yaishe au mama azime.

Jirani yetu alikuwa nesi wa zahanati ya reli, mama mtu mzima ambaye riwaya hizo alikuwa amezisoma zingali mpya. Watoto tulimwita Mama Nesi. Tukifika pale kitabu kilipochanika tulikwenda kwake, tukamwamkia, tukamwomba atuambie nani aliua. Hakutuambia hata siku moja.

"Wewe unasema nani?"

"Yule shemeji yake, Mama."

"Kumshuku mtu hakuna kazi, mwanangu. Nionyeshe ukurasa."

Tulirudi nyumbani tukaanza upya, safari hii kwa kidole. Nani alikitaja kisu kabla polisi hawajasema marehemu ameuawa kwa kisu? Nani alisema alilala ndani usiku kucha, ilhali viatu vyake vina tope? Nani alilia msibani kabla ya kuambiwa ni nani aliyekufa? Tukipata ukurasa tunakimbia kwa Mama Nesi, naye anasoma kimya, kisha anakubali au anakataa. Akikataa anatoa sababu. Nimefanya kazi na wahariri wengi tangu hapo, na wote wamekuja kunikuta tayari nimefunzwa na mwanamke yule.

Alichotufundisha ni kwamba riwaya ya upelelezi iliyojengwa vizuri inaweza kufumbuliwa bila kurasa zake za mwisho. Muuaji yumo ndani ya kitabu. Amekaa mezani, amekula na wenzake, ameulizwa swali na akajibu, na jibu lake lina ufa ambao msomaji makini anaweza kuuona. Riwaya iliyojengwa vibaya haifumbuliki hata ukiwa nazo kurasa zote, kwa sababu mwandishi alipokwama alimleta mtu mgeni kutoka nje, au ndoto, au mganga, au barua ya kukiri iliyookotwa chini ya godoro. Tulipopata kitabu cha namna hiyo kikiwa kamili tulikasirika kweli. Tulikuwa tumefanya kazi yetu ya kusoma, mwandishi hakufanya yake.

Mpaka leo ninapomaliza mswada natoa nakala kadhaa bila sura ya mwisho, nawapa watu ninaoamini macho yao. Msomaji akitaja jina la muuaji mapema mno, najua nimemwonyesha waziwazi. Akishindwa, kisha akaisoma sura ya mwisho na kurudi mwenyewe nyuma kutafuta alipopitwa, mswada umeiva. Akiuliza "Huyu katoka wapi?", mswada haujawa kitabu.

Kwa Kiswahili, msingi wa uaminifu huu kwa msomaji uliwekwa na Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar. Riwaya yake Mzimu wa Watu wa Kale ilipata zawadi ya kwanza katika mashindano ya uandishi ya East African Literature Bureau ya 1957–58, ikachapishwa 1960. Alikuwa mwandishi wa habari, na kwa miaka kadhaa alifanya kazi ya uhariri katika Mkulima, jarida la wakulima. Naliona jambo hilo katika maandishi yake: ana jicho la mtu aliyezoea kupokea maelezo ya watu wengi na kuyalinganisha. Mpelelezi wake, Bwana Msa, hana bastola. Ana kiko, ana rafiki yake Najum, na ana subira. Wengi wamemfananisha na Sherlock Holmes, na ufanano upo, lakini mafumbo anayoyafumbua yamekaa palepale Unguja: nasaba zilizofichwa, urithi, ndoa zisizotajwa, mtoto aliyelelewa kwa jina la mtu mwingine. Mwandishi asiyejua namna familia za pwani zinavyohesabu ndugu asingeweza kuyatunga.

Waliofuata walileta kasi. Faraji Katalambulla alitoa Simu ya Kifo mwaka 1965. Elvis Musiba alitoa Kufa na Kupona mwaka 1974, na mpelelezi wake Willy Gamba akawa jina linalojulikana kila nyumba. Ben Mtobwa, mzaliwa wa Kigoma, alikuja na mpelelezi Joram Kiango na msaidizi wake Nuru, na mwaka 1990 akatoa Dar es Salaam Usiku, riwaya iliyotafsiriwa baadaye kwa Kiingereza. Kwenye mabehewa ya Tabora hawa wawili, Musiba na Mtobwa, ndio waliotawala. Niliwahi kumwona mzee akishushwa na mjukuu wake kwenye treni akiwa bado anasoma, kidole kipo kwenye mstari, mguu unatafuta ngazi.

Wakosoaji wamesema mara nyingi kwamba vitabu hivi viliiga James Bond wa Ian Fleming na riwaya za James Hadley Chase. Kuiga kulikuwapo: magari, hoteli, mapigo ya karate, wanawake warembo wanaoingia mlangoni na siri. Lakini tazama vilitungwa wapi na lini. Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika ilikuwa na makao yake Dar es Salaam tangu 1963. Tarehe 3 Februari 1969, katika jiji hilohilo, Eduardo Mondlane, kiongozi wa FRELIMO ya Msumbiji, aliuawa kwa bomu lililofichwa ndani ya kitabu alicholetewa kwa posta. Wapigania uhuru, majasusi na wauaji walikuwa wakipishana na wauza samaki wa Feri. Msomaji wa 1974 aliyemfuata Willy Gamba akiwawinda maadui wa ukombozi hakuazima hofu yake kutoka London. Ilikuwa hofu ya nyumbani, na kitabu kilimpa nafasi ya kuiona ikishindwa. Mwaka 1987, Mtobwa alipotoa Tutarudi na Roho Zetu?, Makaburu walikuwa bado wanatawala Afrika Kusini. Kwa mtoto wa karani wa reli, wazo kwamba Mwafrika aweza kuwazidi maarifa makachero wao halikuwa burudani tu.

Shuleni hatukuruhusiwa kuwa na riwaya hizi. Katika sekondari niliyosoma zilikusanywa kwenye upekuzi wa mabweni pamoja na redio na viberiti, na mwalimu mmoja alitutangazia mstarini kwamba zinaharibu akili na lugha. Huko vyuoni nako ziliwekwa kando kwa jina la riwaya pendwa, mbali na zile zilizohesabiwa kuwa fasihi dhati. Nimelifikiria hilo kwa miaka mingi na bado nadhani lilitugharimu. Taifa lilikuwa limetoka kwenye kampeni kubwa ya kufuta ujinga. Elimu ya msingi kwa wote, iliyoamuliwa Musoma 1974, ilianza kutekelezwa 1977. Watu wengi kuliko wakati wowote walikuwa wamejua kusoma. Mtu aliyejua kusoma akiwa na umri wa miaka 40 hawezi kuishi kwa kusoma vijitabu vya mbolea peke yake. Anahitaji kitabu atakachokisoma bila kulazimishwa, na kwa wengi kitabu hicho kilikuwa cha Musiba, cha Mtobwa, cha Hammie Rajab, cha Edi Ganzel. Kazi iliyobeba mzigo huo ilistahili wahariri bora, wahakiki wakali na maktaba za kuitunza. Iliachwa ijitegemee, kisha ikalaumiwa kwa makosa ya chapa.

Niliingia kwenye uandishi kupitia magazeti. Baada ya milango ya vyombo vya habari binafsi kufunguliwa, miaka ya 1990, magazeti ya kila wiki yalijaa hadithi za mfululizo, na wasomaji waliyanunua kwa ajili ya hadithi kuliko habari. Sherlock Holmes mwenyewe alipendwa na Waingereza kupitia jarida, The Strand, kuanzia 1891, kwa hiyo njia yetu haikuwa ya aibu. Eric Shigongo alijenga kampuni nzima ya magazeti ambamo hadithi zake zilikuwa mojawapo ya nguzo. Mimi nilikuwa nachapa kwenye kompyuta maandishi ya wengine, mpaka siku mwandishi mmoja wa mfululizo alipougua na ukurasa ukabaki mtupu.

Mhariri aliyenipa ukurasa ule alikuwa mtu wa maneno machache. Nafasi ilikuwa maneno 1,000, pamoja na kile kisanduku cha juu cha "Ilipoishia". Aliniwekea masharti mawili. La kwanza, kila toleo limpe msomaji jambo moja jipya analolijua sasa ambalo wiki iliyopita hakulijua. Hofu peke yake haihesabiwi. La pili, mlango ukigongwa mwishoni mwa toleo, aliyegonga awe mtu ambaye kuja kwake kunabadilisha mambo. Alikuwa na chuki kubwa na zile hadithi zinazofunga kwa hodi, wiki nzima msomaji anahangaika, kisha inakuja kuonekana ni jirani anaomba chumvi. "Amekulipa," aliniambia, "kuna mtu huko ameacha kununua mkate akanunua gazeti." Sijawahi kusikia maelezo bora kuliko hayo ya wajibu wa mwandishi wa hadithi za kusisimua.

Chini ya hadithi tuliweka namba ya simu, na ujumbe ulikuja kutoka kila mahali. Hapo ndipo nilipopata shule yangu ya pili. Askari mstaafu alinieleza kwa ujumbe mrefu namna mlalamikaji anavyopewa RB, yaani namba ya taarifa yake, kituoni na nani hasa anakabidhiwa jalada la kesi. Nesi alinikumbusha kwamba mtu akifika hospitali na jeraha la panga, kabla ya mengine ataulizwa fomu ya PF3, na akanieleza yanayotokea kwa maskini asiyekuwa nayo. Fomu ile ikawa kiini cha hadithi iliyofuata: mtu ana jeraha, anaogopa kituo cha polisi kwa sababu anazozijua yeye, na bila kituo hapati karatasi. Dereva wa lori wa njia ya Tunduma alinitajia mizani zote anazopita na muda anaokaa kwenye kila moja. Kwa maelezo yake niliweza kumpa mtuhumiwa kisingizio ambacho kilikuwa na dosari ya saa moja, na wasomaji wanaoijua barabara hiyo waliigundua wiki mbili kabla ya mpelelezi wangu. Waliandika kwa furaha kubwa.

Msomaji wa riwaya pendwa ni mtu wa aina hiyo. Anajua kazi yake, anajua barabara yake, anakumbuka jina la mhusika uliyemtaja miezi mitatu iliyopita. Wanaomdharau hawajawahi kupokea ujumbe wake.

Magazeti yalinifundisha pia swali ambalo kwa mwandishi wa upelelezi wa Kiswahili naliona ni la kwanza: kwetu, nani ana ruhusa ya kuuliza? Mpelelezi wa kujitegemea mwenye ofisi na katibu muhtasi anapendeza kwenye ukurasa, na Joram Kiango amefanywa aaminike kwa ustadi wa Mtobwa. Lakini mtaa halisi wa Tabora, Tanga au Temeke hauna mtu huyo. Kuna wengine ambao maswali yao hayamshtui mtu. Mjumbe wa nyumba kumi anauliza nani mgeni wako. Mwenye nyumba anauliza umerudi saa ngapi. Nesi anauliza umeanza lini kuumwa, na unalala na nani. Shangazi anauliza kila kitu. Msusi anashika kichwa cha mtu kwa saa tano, na katika saa tano hakuna siri inayobaki. Mpelelezi wangu nilimfanya karani wa mahakama ya mwanzo, mwanamke mtu mzima ambaye mikononi mwake hupita mirathi, talaka, ugomvi wa mipaka na wizi wa kuku. Hana bastola wala kitambulisho cha kumtisha mtu. Anajua majalada, na anajua ni nani alimshitaki nani miaka kumi iliyopita.

Kisha kuna msiba. Waandishi wa Ulaya hupata taabu kuwakusanya watuhumiwa wote sebuleni ili mpelelezi awahutubie. Sisi hatuna taabu hiyo, maana mtu akifa watu wote hukusanyika wenyewe, na ambaye hakuja anatajwa jina. Daftari la rambirambi linaonyesha nani ametoa nini. Wanawake wamekaa ndani kwenye mikeka, wanaume nje kwenye maturubai, jikoni kuna habari zisizofika sebuleni. Wanaoosha maiti wameuona mwili. Mtu anaweza kuuliza "Mara ya mwisho ulimwona lini marehemu?" na akaitwa mwenye huruma. Jiko la msiba ndilo chumba changu cha mahojiano. Nimeandika sura nyingi humo na bado sijamaliza yaliyomo.

Na simu. Katalambulla aliiweka simu kwenye jina la riwaya yake mwaka 1965, wakati kifaa hicho kilikuwa cha ofisi na nyumba chache, na mpigaji aliweza kubaki sauti tupu. Leo kila mhusika ana simu mbili. Tangu Januari 2020 laini zisizosajiliwa kwa alama za vidole zilianza kuzimwa, na ukimtumia mtu hela jina lake linatokea kwenye kioo kabla hujathibitisha. Kuna waandishi wanaolalamika kwamba teknolojia imeua fumbo. Mimi naona imelizidisha. Jina linalotokea si lazima liwe la mtu anayeishika simu: ni la bibi kijijini aliyeweka kidole ili mjukuu apate laini, ni la marehemu ambaye namba yake bado inapokea, ni la kijana aliyesajili laini kwa watu wengine ili apate kamisheni. Kila Mtanzania amewahi kupokea ule ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii". Nyuma ya ujumbe ule kuna riwaya nzima, na anayetaka kuandika leo asiende kutafuta kasri la Kiingereza lenye mnyweshaji aliyekufa.

Neno kuhusu wanawake. Katika riwaya nyingi nilizolelewa nazo mwanamke alikuwa mtego, au maiti, au zawadi ya shujaa. Nuru alikuwa na akili na ujasiri, na wasichana tulimshika kwa mikono miwili, lakini jina juu ya jalada la mkasa lilikuwa la Joram. Naamini hata wazee walioziandika wangefurahi kuona karani wa mahakama akiendesha upelelezi mwenyewe. Waandishi wa kike wa Kiswahili wapo na wanatambuliwa: mwaka 2015, Tuzo ya Kiswahili ya Mabati-Cornell ilipotolewa kwa mara ya kwanza, mshindi wa hadithi alikuwa Anna Samwel Manyanza kwa Penzi la Damu. Waje zaidi kwenye upelelezi.

Uchapishaji nao una mafunzo yake, na haya nayasema kwa vijana wanaoniandikia wakiuliza waanzie wapi. Mswada wangu wa kwanza wa kitabu ulikaa kwa mchapishaji mmoja muda mrefu sana, kisha ukarudi na maelezo kwamba ni mzuri ila hauingii kwenye mpango. Mpango ulikuwa vitabu vya shule. Sina haja ya kumtaja, maana angekuwa mwingine jibu lingekuwa lilelile. Shule hununua kwa maelfu na kwa mkupuo, msomaji wa riwaya hununua nakala moja. Mchapishaji anayelipa kodi ya ghala na mishahara atakwenda penye maelfu. Tatizo lilianzia pale soko lote la vitabu lilipoegemea shule, hata mwandishi akaanza kutunga akimfikiria mtahini.

Niliamua kuchapa mwenyewe. Namba ya ISBN unaipata kwa Bodi ya Huduma za Maktaba. Kwa mwenye kiwanda cha chapa nenda ukiwa umejua mambo kadhaa. Kitabu hukunjwa kwa vipande vya kurasa 16, kwa hiyo mswada wa kurasa 130 utalipia 144. Ama ukaze hadi 128, ama uzitumie kurasa za ziada kuweka sura ya kwanza ya kitabu kijacho, kama nilivyofanya. Gharama ya kutengeneza pleti ni ileile uchape nakala 200 au 2,000, ndiyo maana nakala chache huwa ghali. Usiruhusu karatasi nyembamba inayoonyesha maandishi ya upande wa pili. Msomaji wa usiku, kwenye taa hafifu, atakiweka chini. Na gundi, ndugu zangu, ijaribuni kwa kitabu cha mfano: kifungueni katikati, mkikunje hadi majalada yagusane. Kikitoa kurasa kataeni kazi.

Muuzaji wa kando ya barabara au wa stendi ya mabasi huchukua kama theluthi ya bei, na anastahili, kwa kuwa yeye ndiye anayesimama juani na kumwambia mtu "Dada, hiki hutakiacha." Lakini katika kujichapia na kujiuzia, wenzetu wa Kano, Nigeria, walikwenda mbali zaidi. Tangu miaka ya 1980 waandishi wa Kihausa wa hadithi za mapenzi, wengi wao wanawake, walijichapia vijitabu, wakaunda vyama vyao na kuviuza sokoni kwa wasomaji wengi mno. Mmoja wao, Balaraba Ramat Yakubu, ametafsiriwa kwa Kiingereza na kuchapishwa hadi India. Hawakusubiri shule iwachague. Hapa kwetu nimejaribu kuwashawishi waandishi wenzangu tugawane gharama ya kusafirisha vitabu mikoani, maana maboksi matatu ya waandishi watatu kwenye basi la Mwanza hayalipiwi mara tatu. Wachache tumeanza, na inafanya kazi.

Siku hizi mfululizo umehamia kwenye simu. Mwandishi anatoa sura za mwanzo bure kwenye makundi ya WhatsApp, mambo yanapochacha anaweka namba ya malipo, na anayetaka kuendelea anatuma shilingi elfu moja au mbili. Nimeona vijana wakiishi kwa njia hiyo, na wanaandika kila siku. Nawaheshimu. Ila nawasihi wajiwekee ile sheria ya mhariri wangu, kwa kuwa kwenye simu hakuna wa kuwakatalia hodi za bure, na wajue mwisho wa hadithi kabla ya kutoa sehemu ya kwanza. Anayetunga bila kujua muuaji wake ni nani hufika sehemu ya 80 akiwa na maiti tisa na hana wa kumkamata.

Njia hiyohiyo ya simu ndiyo inayosambaza vitabu vyetu kwa picha na mafaili ya bure. Huwa naulizwa kama hilo halisaidii kuwafufua wazee, maana vitabu vya Musiba na Mtobwa havipatikani madukani kwa urahisi. Jibu langu ni kwamba wazee hawa wana warithi, na warithi wana haki. Mtobwa alifariki 2008, Musiba 2010. Kwa Sheria ya Hakimiliki ya 1999 haki za mwandishi hudumu maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo chake, kwa hiyo za Mtobwa zitaishi hadi 2058. Faili la bure halimlipi mtu, halina mhariri, na lina kurasa zilizopigwa picha upande. Chapa mpya, yenye dibaji na lugha iliyosafishwa makosa ya chapa, ndiyo heshima wanayoistahili.

Serikali imeanza kutoa Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu tangu 2023, na ni hatua njema. Natamani iwe na kipengele cha riwaya ya upelelezi kinachojitegemea, chenye majaji wanaosoma riwaya hizo kwa mapenzi yao.

Kwa warithi nina ombi. Kama mzazi wako aliandika riwaya, tafuta mkataba wake kwenye makaratasi aliyoacha. Soma sehemu inayohusu muda na idadi ya nakala. Kitabu kikiwa kimekoma kuchapwa, mwandikie mchapishaji kuomba haki zirudi kwa familia, na nakala ya barua hiyo ipeleke COSOTA, ofisi ya hakimiliki. Ukikosa mswada, tafuta kitabu kizima chenye kurasa zote, ukichape upya kwenye kompyuta sura kwa sura. Mimi na wenzangu kadhaa tuko tayari kusahihisha bila malipo. Na wewe unayesoma riwaya za Kiswahili kwenye simu yako usiku huu, kama mwandishi yu hai na ameweka namba yake, mlipe. Ukiona ufa kwenye hadithi yake, mwandikie umtajie na ukurasa.